Fedha za wakfu humfikiaje msanii chipukizi, na hukwama wapi

Maombi mengi ya ruzuku za sanaa hukataliwa kabla jaji hajatazama hata picha moja. Ofisa wa programu huyapitia kwanza akiwa na orodha fupi. Mwombaji ametimiza miaka ya kazi inayotakiwa? Anafanya aina ya sanaa inayogharamiwa? Si mwanafunzi? Picha zimetimia? Jumla ya bajeti inalingana na vifungu vyake? Jibu moja likienda kinyume, faili linawekwa kando. Msanii hupata barua ya heshima inayosema waombaji walikuwa wengi, naye hubaki akiamini kazi yake imeonekana duni, kumbe haikuonekana kabisa.

Ndiyo maana anayetaka kuelewa jinsi wakfu za kibinafsi zinavyosaidia wasanii chipukizi asianzie kwenye fomu ya maombi. Aanzie kwenye chanzo cha fedha: nani alizitoa, aliacha masharti gani, na sheria ya nchi inaruhusu zitumikeje. Majibu ya maswali hayo huamua mengi kuliko ladha ya majaji.

Mali, mapato na wosia

Wakfu wa kibinafsi ni chombo cha kisheria kinachomiliki mali, iwe hisa, majengo, hati fungani au kazi za sanaa zenyewe, na kutumia mapato yake kwa kusudi lililoandikwa katika hati ya kuuanzisha. Bodi ya wadhamini husimamia mali hiyo. Mtaji wenyewe kwa kawaida hauguswi, kinachotolewa ni sehemu ya mapato. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya kodi inautaka wakfu wa aina hii utoe kila mwaka kiasi kinachokaribia asilimia 5 ya thamani ya mali yake iliyowekezwa.

Fanya hesabu. Wakfu wenye dola milioni 20 utatoa kama dola milioni 1 kwa mwaka, na humo zinaruhusiwa kuhesabiwa gharama za kuendesha utoaji wenyewe: mishahara, ukaguzi wa hesabu, posho za majaji. Tuseme zinabaki 600,000 za ruzuku, na kila msanii anapewa 15,000. Ni wasanii 40 dunia nzima. Mwaka ambao soko la hisa limeanguka, idadi inaweza kushuka hadi 30 bila mtu yeyote ofisini kubadili msimamo kuhusu sanaa.

Kuhusu masharti, tazama vyanzo. Wakfu kadhaa zinazojulikana zilitokana na urithi wa wasanii wenyewe. Pollock-Krasner Foundation ilianzishwa mwaka 1985 kwa mali aliyoiacha mchoraji Lee Krasner, mjane wa Jackson Pollock. Huangalia ubora wa kazi na uhitaji wa fedha kwa pamoja, kwa hiyo mchoraji hodari mwenye kipato kizuri hana la kutafuta pale. Hailipii masomo, madeni ya nyuma, wala kazi iliyoagizwa na mtu mwingine. Adolph and Esther Gottlieb Foundation inadai angalau miaka 20 ya kazi kwa ruzuku yake kuu. Chipukizi akiomba huko anapoteza karatasi. Kwa upande wa pili, Prince Claus Fund ya Amsterdam ina tuzo ya mbegu (Seed Award) ya euro 5,000 iliyokusudiwa walio katika miaka ya kwanza kabisa ya kazi yao, katika nchi za Afrika, Asia, Amerika ya Kilatini, Karibi na Ulaya ya Mashariki.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa hati inayofunga mikono ni Elizabeth Greenshields Foundation ya Montreal, iliyoanzishwa mwaka 1955. Inasaidia wasanii wachanga kutoka nchi yoyote, lakini wanaofanya sanaa ya kuonyesha vitu na watu kwa sura inayotambulika tu: uchoraji, michoro, uchapaji na uchongaji. Mchoraji wa sanaa dhahania hawezi kupewa hata kama kila jaji anaipenda kazi yake. Mwanzilishi aliamua hivyo, na ndivyo ilivyo hadi leo. Kulalamika kwamba sharti hili limepitwa na wakati hakubadilishi kitu. Linalofaa ni kulijua mapema na kutumia muda wako kwingine.

Aina nyingine mbili zinahitaji jicho la tahadhari. Wakfu za kampuni hutegemea faida ya kampuni mama na ofisi ya mawasiliano yake, kwa hiyo zinaweza kubadili mwelekeo au kufungwa katika mwaka mmoja wa fedha. Wakfu za wakusanyaji wa sanaa mara nyingi zina jumba lake la maonyesho na hununua kazi badala ya kugawa ruzuku. Mkusanyaji anapoonyesha kazi za msanii ambaye yeye mwenyewe anamiliki kazi zake nyingi, maonyesho hayo yanapandisha thamani ya mali yake. Msanii naye anafaidika, hilo halina ubishi. Ajue tu kwamba pande zote mbili zina maslahi, na aandike mkataba akilikumbuka hilo.

Kwa nini wengi hawampi msanii moja kwa moja

Msanii akisoma kwamba wakfu fulani umetoa mamilioni kwa sanaa, kisha akakuta hauna fomu ya mtu binafsi, huhisi amefungiwa mlango. Sababu kwa kawaida ni ya kisheria. Tangu mageuzi ya kodi ya mwaka 1969, wakfu wa kibinafsi wa Marekani ukitaka kutoa ruzuku za masomo, safari au kukuza kipaji cha mtu mmojammoja, lazima kwanza utaratibu wake wa kuchagua uidhinishwe na mamlaka ya kodi kuwa ni wa haki na hauna upendeleo. Kutoa kwa shirika lililosajiliwa ni rahisi zaidi. Wengi wanachagua njia rahisi.

Andy Warhol Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1987 kufuatana na wosia wa Warhol, ni mfano mzuri. Fedha zake huenda kwa makumbusho, vituo vya sanaa na mashirika, na kupitia mpango wake wa kugawa tena ruzuku, mashirika washirika ndiyo yanayoyapa fedha makundi ya wasanii katika maeneo yao. Jina la wakfu halitokei juu ya fomu ambayo msanii anaijaza, lakini fedha ni zilezile. Kwa hiyo swali lenye manufaa ni hili: kituo gani cha sanaa kilicho karibu nami kimepokea fedha kutoka huko, na kinazigawaje?

Njia ya pili ni kupitia shirika mlezi. Msanii anaingia mkataba na shirika lisilo la faida, shirika linaomba na kupokea ruzuku kwa niaba yake, linakata ada, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, kisha linamlipa kwa ankara. Ada hiyo iandikwe katika bajeti tangu mwanzo. Mradi wa 8,000 ukikatwa asilimia 8 unabakiwa na 7,360, na zile 640 zinazokosekana hugunduliwa wakati kasha la kusafirishia limeshaagizwa.

Kuna chombo kimoja cha utafiti ambacho wasanii wengi hawakitumii. Kila wakfu wa kibinafsi wa Marekani hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990-PF, na fomu hiyo iko wazi kwa umma. Ndani yake kuna majina ya wadhamini, thamani ya mali, na orodha ya kila ruzuku iliyotolewa: nani, kiasi gani, kwa kazi gani. Tovuti hueleza wakfu unavyopenda kuonekana. Fomu hii inaonyesha ulichofanya. Ukisoma ya miaka mitatu mfululizo utajua kama wapokeaji hubadilika au ni walewale, na kama "chipukizi" wanaotajwa kwenye tovuti wanapata chochote.

Mlango wa wazi na mlango wa kupendekezwa

Wakfu nyingine hutangaza nafasi na yeyote anaomba. Nyingine hazina maombi kabisa: watu walioteuliwa kwa siri, wakiwemo wakyureta (wanaochagua kazi na kupanga maonyesho), walimu na wasanii wenzao, hupendekeza majina, na hao tu ndio wanaoalikwa kujaza fomu. Joan Mitchell Foundation huchagua hivyo wapokeaji wa ufadhili wake wa dola 60,000 unaolipwa kwa miaka mitano: 20,000 mwaka wa kwanza, kisha 10,000 kila mwaka kwa miaka minne. Mgawanyo huo una akili yake, kwani msanii anayepewa fedha zote siku moja hulipa madeni na kununua vifaa, na baada ya miezi minane anarudi alipokuwa.

Kumwandikia wakfu wa kupendekezwa barua ya kujitambulisha ni kazi bure. Kinachosaidia ni kazi kuonekana na watu wanaoweza kuwa wapendekezaji: milango wazi ya studio, maonyesho ya pamoja, programu za ukaazi, yaani kuishi na kufanya kazi kwa muda mahali pa mwenyeji, ambako kyureta hutembelea kila msanii kwa saa moja. Mfumo huu huwapendelea walio miji mikubwa na wenye mitandao, na wakfu zenyewe zinalijua hilo. Ndiyo sababu baadhi hutafuta wapendekezaji kutoka maeneo mbalimbali.

Aina ya tatu ni ruzuku za dharura, ndogo na za haraka. Foundation for Contemporary Arts, iliyoanzishwa mwaka 1963 na John Cage na Jasper Johns kwa fedha zilizotokana na kuuza kazi zilizochangwa na wasanii, ina ruzuku za dharura za kati ya dola 500 na 3,000 kwa wasanii walioko Marekani waliopata nafasi ya ghafla ya kuonyesha kazi, au walioongezewa gharama wakati onyesho limekaribia. Jambo linaloangusha maombi ya namna hii ni kukosa tarehe iliyothibitishwa. "Ninatarajia kuonyesha" haitoshi. Inatakiwa barua ya mwenyeji.

Picha kumi na bajeti moja

Ukipita mchujo wa kwanza, unakutana na jopo. Majaji watatu hadi watano wana mamia ya maombi, na katika duru ya kwanza kila moja hupata dakika chache au chini ya hapo. Wanaangalia picha kwanza. Maandishi yanasomwa picha zikishawafanya watake kujua zaidi, ingawa waombaji wengi hutumia majuma matatu kwenye maandishi na alasiri moja kwenye picha.

Mchoro wa bapa upigwe hivi. Utundike wima kwenye ukuta wa kijivu au mweupe. Weka taa mbili za aina moja, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45, umbali sawa kutoka kwenye kazi. Zima taa za chumba na ziba dirisha, kwa sababu mwanga wa aina mbili hutia rangi ya manjano upande mmoja na bluu upande mwingine, na hakuna programu inayoondoa hitilafu hiyo vizuri. Kamera iwe kwenye mguu wake, lenzi ikiwa usawa wa katikati ya kazi na sambamba nayo kabisa. Usitumie lenzi ya kupanua mandhari, hupinda kingo. Piga picha moja ukiwa umeweka kadi ya kijivu mbele ya kazi, uitumie kusahihisha rangi. Rangi ya mafuta iliyopakwa vanishi ikimeta, sogeza taa nje zaidi kabla ya kufikiria vichujio. Mwishoni kata picha pembezoni mwa kazi. Sakafu, kiti na mkono wa aliyeshika turubai visionekane. Sanamu hupigwa kutoka pande mbili au tatu, na angalau picha moja iwe na kitu cha kuonyesha ukubwa wake.

Kila picha ina maelezo yake: jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo vikianza na urefu wa wima halafu upana, kwa sentimita. Mpangilio nao ni hoja. Kazi kumi za mwelekeo mmoja za miaka miwili iliyopita huonyesha msanii anayejua anakokwenda. Kazi kumi za mitindo sita huonyesha mwanafunzi anayejaribu, hata kama kila moja peke yake ni nzuri.

Maelezo ya msanii yajibu maswali matatu kwa maneno ya kawaida: unatengeneza nini, kwa namna gani, na kwa nini sasa. Sentensi ya kwanza iwe na kitu kinachoonekana kwa macho. "Nashona magunia ya sukari yaliyotumika kuwa mapazia ya mita tatu" inamwambia jaji mengi kuliko aya nzima kuhusu utambulisho na kumbukumbu. Majaji wameichoka lugha ya katalogi, na wengi wao ndio walioiandika.

Kwenye bajeti ndiko uzoefu unapojulikana. Tuseme ruzuku ni euro 5,000. Mgawanyo unaoaminika ungekuwa: turubai, rangi na fremu 1,400, kodi ya studio kwa miezi 6 kwa 200 kila mwezi, 1,200, malipo ya msanii mwenyewe 1,500, kupiga picha za kazi 300, usafirishaji 350, dharura 250, yaani asilimia 5. Jumla ni 5,000 kamili. Makosa yanayorudiwa ni mawili. La kwanza ni kuacha sifuri kwenye malipo ya msanii kwa kudhani ni unyenyekevu. Jaji anayejua kazi huona mradi usio na mtu wa kuufanya. La pili ni tarakimu za mviringo mno, 1,000 hapa na 2,000 pale, zinazoonyesha hakuna aliyeomba bei kwa fundi. Weka nukuu za bei mbili tatu karibu, hata kama fomu haizidai.

Barua za wapendekezaji zinahitaji muda. Mpe mwandishi wiki nne, mtumie maelezo ya ruzuku, picha zako na mambo mawili ambayo ungependa ayaguse. Barua ya jumla iliyoandikwa kwa haraka na mtu mashuhuri ina nguvu ndogo kuliko ya kyureta asiyejulikana sana aliyefanya kazi nawe na anayeeleza jinsi ulivyotatua tatizo fulani ukutani.

Fedha zinapokuja

Baada ya barua ya pongezi huja mkataba, na hapo ndipo wengi huacha kusoma. Angalia awamu za malipo. Mpangilio wa 50, 40 na 10 kwa mia ni wa kawaida, ile 10 ya mwisho ikilipwa baada ya ripoti. Maana yake msanii lazima awe na asilimia 10 ya gharama mfukoni mwake kabla ya kumaliza. Asiyekuwa nayo aombe mpangilio wa 80 mwanzoni na 20 baada ya ripoti ya katikati, na aombe kabla ya kusaini.

Tatizo dogo linalochelewesha malipo kwa miezi ni jina. Msanii anajulikana kwa jina la kisanii, fomu imejazwa kwa jina hilo, akaunti ya benki ina majina matatu ya kitambulisho, na benki inayopitisha fedha njiani inazirudisha huku ikikata ada yake kwenda na kurudi. Jaza fomu kwa jina la akaunti, kisha taja jina la kisanii mahali pengine. Uliza pia nani anabeba ada za kuhamisha fedha na kiwango cha kubadili kitakuwa cha siku gani.

Kodi ina mtego wake. Ruzuku si zawadi machoni pa mamlaka nyingi za kodi. Kwa ruzuku kutoka Marekani kwenda kwa msanii asiye mkazi wa nchi hiyo, kinachoamua ni mahali kazi inapofanyika. Ikifanyika nje ya Marekani, kwa kawaida fedha hazikatwi kodi ya huko, ilimradi karatasi ziwe sawa, hasa fomu ya W-8BEN, ambayo msanii hujaza kuthibitisha kwamba si mkazi wa Marekani kikodi. Msanii huyohuyo akienda kufanya ukaazi ndani ya Marekani, posho yake inaweza kukatwa asilimia 30 kabla haijamfikia, isipokuwa kuna mkataba wa kodi kati ya nchi mbili. Posho ya 3,000 ikawa 2,100, na tiketi imeshanunuliwa. Nchi yake mwenyewe inaweza kudai chake pia.

Kuhusu hakimiliki, ruzuku haiihamishi yenyewe. Kipengele kinachofaa kinaupa wakfu kibali kisicho cha pekee cha kutumia picha za kazi katika ripoti, tovuti na matangazo yake. Ukikuta neno la kuhamisha haki zote, kwa muda wote, omba libadilishwe; mara nyingi limenakiliwa kutoka mkataba wa kampuni ya matangazo na hakuna atakayelitetea. Na wakfu ukikutaka utume ada ili ruzuku "iachiliwe", huo si wakfu, ni utapeli. Ada ndogo ya kuombea ipo kwenye baadhi ya mashindano halali, lakini hakuna mfadhili wa kweli anayemtoza mtu aliyeshinda.

Maonyesho: heshima yenye gharama

Ruzuku humpa msanii fedha. Maonyesho humpa macho ya watu, na yanaweza kumla fedha zake. Mwaliko wa kuonyesha katika jumba la wakfu husikika kama ushindi mtupu, lakini maswali ya kuuliza siku hiyohiyo ni ya fedha: nani analipia utengenezaji, fremu, makasha, usafiri wa kwenda na kurudi, bima, safari ya msanii, na malipo ya msanii kwa kuonyesha?

Hayo ya mwisho yamepiganiwa. Nchini Kanada, tangu mwaka 1988 sheria ya hakimiliki inampa msanii haki ya kulipwa kazi yake inapoonyeshwa hadharani kwa kusudi lisilo la kuuza au kukodisha, na chama cha wasanii CARFAC hutoa viwango vya chini. Nchini Marekani kundi la W.A.G.E., lililoanza New York mwaka 2008, limetengeneza hesabu inayohusisha malipo ya msanii na bajeti ya mwaka ya taasisi: yenye fedha zaidi ilipe zaidi. Hata nchi isiyo na sheria kama hiyo, kutaja viwango hivi katika mazungumzo kunasaidia, kwa sababu ofisa wa wakfu huwa anavijua.

Usafirishaji ndiyo sehemu inayoharibu bajeti nyingi. Chukua mchoro wa sentimita 110 kwa 90. Kasha lake, likiwa na sponji na ubao wa jumla ya sentimita 10 kila upande, lina vipimo vya nje vya sentimita 130 kwa 110 kwa 25. Uzito wake kwenye mizani ni kama kilo 28, na msanii huomba bei kwa kilo hizo. Lakini mzigo wa ndege hutozwa kwa ule ulio mkubwa kati ya uzito halisi na uzito wa ujazo, ambao hupatikana kwa kugawa sentimita za ujazo kwa 6,000. Hapa ni 357,500 gawa kwa 6,000, karibu kilo 60. Kampuni nyingi za vifurushi hugawa kwa 5,000, hivyo inakuwa kilo 71.5. Bei imezidi maradufu na hakuna aliyedanganya. Turubai lisilo na rangi nzito linaweza kuvuliwa fremu ya mbao na kuviringishwa kwenye bomba pana, rangi ikitazama nje, kisha likavutwa tena juu ya fremu huko liendako. Uliza kwanza kama jumba lina fundi wa kulivuta.

Mbao za kasha lenyewe ni suala la forodha. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inadai mbao ghafi za kufungashia zipashwe joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 kwa dakika 30, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, na zipigwe muhuri. Kasha la mbao zisizo na muhuri linaweza kurudishwa au kuteketezwa bandarini. Plaiwudi haiguswi na kanuni hiyo, lakini vipande vya mbao vilivyopigiliwa pembeni kuiimarisha vinaguswa, na hapo ndipo mafundi wengi husahau.

Kazi inayokwenda na kurudi inaweza kusafiri kwa karneti ya ATA, hati inayoruhusu kuingiza mali kwa muda bila kulipa ushuru kwa hadi mwaka mmoja, katika nchi zilizojiunga. Ni nzuri mpaka mnunuzi atokee. Kazi iliyouzwa haiwezi kubaki huko chini ya karneti bila taratibu za ushuru kufuatwa, kwa hiyo kama kuna uwezekano wa kuuza, mwambie mwenyeji kabla kasha halijafungwa.

Bima nayo iangaliwe kwa makini. Inayofaa huanzia ukutani mwa studio na kuishia ukutani mwa studio, ikifunika kufunga, njia, kutundika na kurudi. Msanii ndiye anayetaja thamani, na iwe inayothibitika kwa mauzo yaliyopita. Akitaja ndogo ili kupunguza ushuru, atalipwa hiyo ndogo kazi ikichanika. Bima kwa kawaida hailipi kasoro iliyomo ndani ya kazi yenyewe, kama rangi iliyopasuka kwa sababu ilipakwa juu ya tabaka bichi. Hivyo ripoti ya hali ya kazi hufanywa mara nne: kabla ya kuondoka, ikifika, ikishushwa ukutani, na ikirudi nyumbani. Kila mara picha za mbele, nyuma, pembe nne na kila mkwaruzo uliopo, zikiwa na tarehe na saini ya pande mbili. Bila ripoti ya kuondoka, kila mkwaruzo utasemekana ulikuwepo.

Kuhusu mauzo, nyumba za sanaa za kibiashara hukata mara nyingi nusu ya bei. Wakfu usio wa faida unaweza usikate chochote au ukakata kidogo, wengine hawaruhusu mauzo kabisa ndani ya jumba lao. Liandikwe. Msanii aliye na nyumba ya sanaa inayomwakilisha aiulize nayo mapema, isije ikadai sehemu yake juu ya ile iliyokwisha katwa.

Maonyesho mengi ya wakfu hupangwa miezi 12 hadi 18 mapema, na katika muda huo mambo hubadilika. Kazi iliyoahidiwa inageuka, kyureta anahama, bei ya shaba inapanda. Mabadiliko ya mradi yanakubaliwa kwa urahisi yakiombwa kwa barua fupi kabla ya fedha kutumika: kifungu gani kinapungua, kipi kinaongezeka, kwa nini. Yakigunduliwa kwenye ripoti ya mwisho, hata yakiwa ya busara, jina la msanii huandikwa pembeni, na wakfu huulizana.

Maonyesho yakifungwa na kasha likarudi studio, lisikae pembeni likisubiri wasaa. Mikataba mingi ya bima ya usafiri hutoa siku chache tu za kuripoti uharibifu tangu mzigo upokelewe. Kagua kasha kwa nje kabla ya kutia saini ya kupokea, na kama pembe imebonyea andika hivyo kwenye karatasi ya dereva. Kisha liache saa 24 kabla ya kulifungua, turubai na mbao vizoee unyevu wa chumba, na ulifungue ukiwa na ripoti ya nne mkononi.